Pacha Asiyepigana

Mwaka 1995, J. Douglas Bremner na wenzake walichapisha vipimo vya MRI vya askari wa zamani wa Marekani waliorudi na kiwewe kutoka Vietnam. Hipokampasi yao ya kulia ilikuwa ndogo kwa asilimia 8 kuliko ya watu wasiougua. Hiyo ni sehemu ya ubongo inayoliweka tukio mahali pake na katika wakati wake, ili mlio wa leo usichukuliwe kuwa bomu la zamani. Wengi waliamini kwamba vita ndivyo vilivyoila.

Lakini picha iliyopigwa baada ya madhara haisemi hali ilikuwaje kabla. Jibu lilitoka kwa mapacha wa kufanana. Mwaka 2002, Mark Gilbertson, Roger Pitman na wenzao walieleza jozi 40 ambazo ndugu mmoja alipigana Vietnam na mwingine hakuyaona mapigano. Aliyeugua vibaya alikuwa na hipokampasi ndogo, na ya pacha wake asiyepigana ilikuwa ndogo vilevile. Kumbe udogo ulitangulia risasi.

Naogopa namna matokeo haya yanavyoweza kutumiwa. Mlipa fidia atamwambia mgonjwa: ulizaliwa hivyo, hatudaiwi. Huo ni udhalimu. Pacha asiyepigana alikuwa na hipokampasi ndogo ileile na hakuugua, maana hakuna aliyempeleka kushuhudia wenzake wakiuawa. Tena tofauti hizi ni wastani wa makundi. Hazitoshi kumhukumu kijana mmoja anayeomba kazi jeshini.

Kuhusu kupona, mfano ninaourudia ni wa Daegu, Korea Kusini. Februari 2003 mtu aliwasha moto ndani ya treni ya chini ya ardhi, watu 192 wakafa. Watafiti waliwafuatilia manusura 30 kwa miaka kadhaa. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya moto, sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kuidhibiti hofu ilikuwa na gamba nene kuliko la watu wengine, na waliokuwa na gamba nene zaidi ndio waliopata nafuu zaidi. Dalili zilipopungua, unene nao ukarudi taratibu kwenye kawaida. Daktari ambaye angeiona picha ya kwanza tu angeweza kuudhani unene ule ni jeraha.