Kabla ya nusu kaputi, tuliza moyo kwanza



Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, wapo vijana wanaoteremka kwenye duara refu kwa kamba bila kusita, lakini wakiambiwa jino litolewe kwa upasuaji, wanakimbia. Huku Shinyanga na Kahama hali ni hiyo hiyo. Mtu anarudi shavu limevimba, na uvimbe huo ukishuka chini ya taya hadi shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Hofu ina madhara hata kwa aliyekwisha kufika hospitali. Mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na huenda mgonjwa akahitaji dawa nyingi zaidi ili atulie. Njia mojawapo ya kumsaidia ni kumwongoza ajenge picha akilini kabla ya sindano.

Muulize ni mahali gani anapopapenda. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole. Kisha muulize kwa sauti ya chini: unaona nini? Unasikia nini? Upepo ukoje? Mmoja atakuwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwingine shambani mvua za kwanza zikinyesha. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Usimlazimishe kufumba macho: aliyewahi kufukiwa na kifusi, giza hilo linaweza kumrudisha shimoni. Huyo atazame kitu kimoja tu ukutani.

Je, huu si uganga? La. Haiitwi mizimu wala jini. Mgonjwa anajua alipo, na anaweza kuacha wakati wowote. Anayependa kuleta dhikri kimoyomoyo, na alete.

Lakini picha si ganzi, wala haikaushi usaha. Masharti yako pale pale: chakula kikome masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu masaa 2, ili matapishi yasiingie mapafuni. Usimfiche tabibu dawa unazotumia, wala pombe au bangi. Hakuulizi ili akuhukumu.

Na mwenye uvimbe unaozidi, homa, au asiyeweza kumeza wala kufungua kinywa, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Jino linatibika, aliyezibwa pumzi hasubiri kesho.