Mkaguzi wa Reli na Amri ya Kusimamisha Treni

Ukimwambia mtu kuwa wewe ni mkaguzi wa treni, mara nyingi atadhani unapita behewani ukidai tiketi. Huyo ni mkaguzi wa tiketi. Mkaguzi wa usalama wa reli anayetumwa na serikali huonana na abiria kwa nadra, kwa kuwa kazi yake iko chini ya mabehewa, juu ya mataruma, karakanani na kwenye madaftari ya stesheni. Hapa Tanzania jukumu hilo liko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ili kuchukua shughuli za nchi kavu zilizokuwa za mamlaka iliyotangulia, SUMATRA.

Wenye treni nao hujikagua. Shirika la Reli Tanzania lina mafundi wake, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina wake, na hao ndio wanaozijua treni zao kuliko mtu mwingine yeyote. Msomaji ana haki ya kuuliza: huyu wa serikali anaongeza nini? Anaongeza mambo mawili ambayo mwenye treni hawezi kujipa mwenyewe, yaani jicho lisilobanwa na ratiba na amri ya kusimamisha safari. Nitalieleza hilo kwa kutumia breki, maana hapo ndipo linapoonekana wazi zaidi.

Tuanze na uzito. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hukutana na ukinzani mdogo sana, na ndiyo maana treni hubeba mzigo mkubwa kwa mafuta machache. Mahali tambarare, tani moja huhitaji nguvu ya kilo mbili hivi ili iendelee kusogea. Sasa ipandishe treni ya tani 1,000 kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, mwinuko ambao mtu anayetembea kwa miguu hatausikia magotini. Mvutano wa ardhi huivuta treni hiyo kurudi chini kwa nguvu sawa na uzito wa tani 10, ilhali ukinzani wa magurudumu ni tani 2 tu. Tani 8 zilizobaki zinazuiwa na breki. Breki zikiachia, treni itaanza kuondoka taratibu kiasi kwamba mtu anaweza kutembea kando yake, na baada ya dakika chache haishikiki tena.

Madereva wetu huziita breki za upepo, na jina hilo linaeleza kazi yake. Injini inajaza upepo kwenye bomba linalopita chini ya treni nzima, behewa hadi behewa, na kila behewa lina tangi lake dogo la akiba. Bomba likiwa limejaa, breki zimeachia. Dereva akiutoa upepo bombani, vali ya kila behewa huruhusu upepo wa tangi lake kusukuma breki zibane magurudumu. Uzuri wa mpango huu, uliosajiliwa na Mmarekani George Westinghouse mwaka 1872, ni kwamba bomba likikatika kwa bahati mbaya, breki hubana zenyewe. Treni ikikatika vipande viwili njiani, vyote viwili husimama. Hitilafu inaisukuma treni upande wa usalama.

Lakini upepo huvuja. Treni ikiachwa mlimani injini imezimwa, matangi huisha upepo kidogo kidogo, na breki zilizokuwa zimebana huachia. Kwa hiyo treni iliyosimama hushikiliwa kwa breki za mkono, zile zinazofungwa kwa gurudumu la kuzungusha kwenye kila behewa, pamoja na vigingi chini ya magurudumu.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watu waliokuwa wakienda matembezi ya shule ya Jumapili, wengi wao watoto, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kuikata: kipande cha mbele kivutwe kwanza, cha nyuma kisubiri. Breki zake hazikuwa za kujibana zenyewe, hivyo mabehewa ya nyuma yalipotenganishwa yakabaki yameshikwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Kipande cha mbele kiliporudi nyuma kidogo kikayagusa mabehewa hayo, mawe yakasagika, na mabehewa yakateremka hadi kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu wapatao 80 walikufa.

Jambo linaloniuma katika habari hiyo ni kwamba wakaguzi walikuwa wamesema. Uingereza, iliyoitawala Ireland wakati huo, ilikuwa na ofisi ya wakaguzi wa reli tangu mwaka 1840, na kwa miaka mingi maofisa wake walikuwa wakiyashauri makampuni yafunge breki za kujibana zenyewe. Sheria iliwapa uwezo wa kushauri bila uwezo wa kulazimisha. Makampuni yalisoma ripoti, yakapiga hesabu ya gharama, yakaendelea kama kawaida. Miezi mitatu haikutimia baada ya maziko, Bunge likapitisha sheria iliyolazimisha breki hizo kwenye treni zote za abiria. Ushauri uleule, nchi ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulikuwa amri.

Amri nayo haitoshi kama hakuna anayerudi kuangalia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, umbali wa kilomita zaidi ya 11 kutoka mji wa Lac-Mégantic, Kanada. Dereva alifunga breki za mkono 7, idadi iliyokuwa ndogo mno kwa uzito ule. Alipozijaribu, breki za upepo za injini zilikuwa bado zimebana, kwa hiyo treni ilionekana imeshikika vizuri. Baadaye injini ikashika moto, wazimamoto wakaizima, pampu ya upepo ikazimika nayo. Upepo ukavuja. Treni ikateremka gizani bila mtu ndani, ikapinduka katikati ya mji na kulipuka. Watu 47 walifariki.

Tume iliyochunguza ajali hiyo ilitaja sababu 18, na haikumwachia dereva peke yake. Iligusa matengenezo mabovu ya injini, iligusa kampuni, kisha ikaigusa wizara iliyokuwa na wajibu wa ukaguzi: kasoro za kampuni ile zilikuwa zimeonekana mara kwa mara, lakini hapakuwa na ufuatiliaji wa kutosha kuhakikisha zimerekebishwa. Kila mkaguzi wa reli angepaswa kuisoma ripoti hiyo mwanzo hadi mwisho. Mkaguzi anayeandika kasoro na kuondoka, bila tarehe ya kurudi, ameacha hatari palepale alipoikuta na kuongeza karatasi juu yake.

Sisi hatuhitaji kwenda Ireland wala Kanada kuyajua haya. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, katika eneo la Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki kwenye mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wako Watanzania wengi ambao mwezi Juni kwao bado ni mwezi wa msiba. Mvutano wa ardhi ulioua Armagh ndio ulioua Dodoma miaka 113 baadaye, na ninaamini kila anayekagua breki katika nchi hii anapaswa kuifanya kazi hiyo akiwa na idadi ya waliokufa Igandu kichwani.

Basi mkaguzi hufanya nini hasa? Kabla treni haijaondoka, bomba hujazwa upepo, na kipimo husomwa kwenye injini na kwenye behewa la mwisho, maana bomba linaweza kuwa limejaa mbele na kuziba katikati. Dereva hubana breki; fundi hutembea urefu wa treni akiangalia kila behewa kama limebana kweli. Dereva huachia, fundi hurudi akiangalia kama limeachia kweli. Uvujaji hupimwa kwa dakika. Kisha cheti hutiwa saini. Kazi hiyo ni ya mwenye treni. Mkaguzi wa serikali hufika bila taarifa, hutazama inavyofanyika, halafu hukaa na vyeti vya miezi iliyopita na kuvilinganisha na daftari la stesheni. Treni ya mabehewa 20 iliyopimwa kwa dakika tano haikupimwa. Vyeti thelathini vilivyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, vyote vikiwa na kipimo kilekile, vinasema jambo ambalo hakuna mfanyakazi atakayelisema kwa mdomo mbele ya bosi wake.

Hapo ndipo jicho lisilobanwa na ratiba linapohitajika. Stesheni masta ana abiria wanaolalamika, meneja ana mzigo bandarini, dereva ana familia inayomsubiri mwisho wa safari. Wote ni watu wema, na wote wanavutwa upande mmoja: treni iondoke. Lazima awepo mtu mmoja ambaye mshahara wake hauguswi treni isipoondoka.

Njia yenyewe nayo ina mambo yake, na nitayapitia haraka. Reli ya chuma hutanuka kwa joto: kilomita moja ya reli iliyo huru, ikipata ongezeko la nyuzi 30, hurefuka kwa takriban sentimita 35. Reli iliyounganishwa kwa kuchomelewa haina pa kurefukia, hivyo nguvu hujikusanya ndani yake, na mahali ambapo kokoto zimepungua kando ya mataruma njia inaweza kujipinda ghafla mchana wa jua kali. Mvua ni mbaya zaidi kwetu. Kipande cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto, na mafuriko yameshaikata njia hiyo mara nyingi. Nchini Kenya, tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria ilitumbukia mtoni huko Ngai Ndethya baada ya mafuriko kuharibu daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Daraja hukaguliwa wakati wa kiangazi, msingi wake unapoonekana, na hutazamwa tena kila baada ya mvua kubwa, kabla treni haijapita.

Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, imewafanya wengi wadhani mkaguzi amepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mfumo wake wa ishara unaweza kumzuia dereva kupita mahali pasiporuhusiwa. Lakini nguvu iliyomo ndani ya treni huongezeka kwa mraba wa mwendo: treni ya kilomita 160 kwa saa ina nguvu mara 4 ya ileile ikienda 80, na breki lazima ziimeze yote. Mkaguzi wa sasa anahitaji kujua umeme, programu za kompyuta na takwimu za mitambo pamoja na nyundo na kipimo cha upana wa njia. Mafunzo hayo ni ghali, na mtu akishayapata, mwenye treni anaweza kumlipa zaidi ya serikali. Hilo ni tatizo la bajeti, na linatatulika kwa bajeti.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni hili: ripoti za ukaguzi wa reli zitolewe hadharani, kila kasoro ikiwa na tarehe iliyogunduliwa na tarehe iliyorekebishwa, ili Mbunge, mwandishi wa habari na abiria wa Kigoma waone ipi imekaa mwaka mzima bila kuguswa. Na kwako msomaji, siku treni yako itakapochelewa kuondoka na ukatangaziwa kuwa breki zinapimwa upya, vumilia, usiwashinikize wafanyakazi waondoke.