Kwa Nini Gurudumu Moja Huzunguka Matopeni?

Ndugu mkulima, wakati wa mvua iliyopita nililiona lori la maziwa limekwama njiani. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kwa kasi na kurusha matope. La pili lilitulia kama jiwe. Dereva alizidi kukanyaga mafuta, hata gurudumu likazama mpaka ekseli. Lori lilipotolewa, maziwa yalikuwa yamekwisha kuchacha. Injini ilikuwa nzima. Basi shida ilikuwa wapi?

Jibu limo ndani ya lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Mafundi huliita difu.

Fikiri juu ya maksai wawili wenye nira moja. Mnyororo wa plau umefungwa katikati ya nira. Wanapogeuka mwisho wa shamba, maksai wa nje hutembea zaidi, na nira huenda upande ili kumruhusu. Difu hufanya kazi hiyo hiyo. Magurudumu yakiachana mita 1.5, nawe ukizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje hutembea zaidi ya mita 9 kuliko la ndani.

Gia ndogo inayotoka upande wa injini huzungusha gia kubwa. Ndogo ikiwa na meno 10 na kubwa meno 40, ndogo huzunguka mara 4 ndipo kubwa izunguke mara 1. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka. Gia kubwa nayo hubeba gia nyingine ndogo zilizoshikana na ekseli za kulia na kushoto. Penye kona, gurudumu la ndani likipunguza mwendo, la nje huongeza kadiri ile ile.

Lakini maksai mmoja akikataa kuvuta, nira hupinda, na plau haiendi. Vivyo hivyo, gurudumu lililo matopeni likikosa mahali pa kushika, lenzake nalo hukosa nguvu.

Kwa hiyo, ukikwama, usizidishe mafuta. Chimba matope, kisha weka matawi au mawe madogo mbele ya gurudumu linaloteleza. Trekta nyingi zina kufuli ya difu. Ngoja gurudumu liache kuzunguka, funga kufuli, nenda moja kwa moja. Ifungue kabla ya kugeuka, ama sivyo utavunja gia.

Tena, usiwashe injini ikiwa katika gia huku gurudumu moja limeinuliwa kwa jeki. Lile lililo chini laweza kuisukuma gari ikuangukie.

Mwisho, tazama oili ya difu. Ukiona inavuja, mwite fundi leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.