Mashine ya Kukereza ya Kiswisi (2): Ukali wa Inseti na Mahali pa Kishikio

Katika sehemu ya kwanza tuliona kinachoitofautisha mashine hii na mashine nyingine za kukereza. Ufito wa chuma hauachwi ukining'inia mbele ya chaki. Unapita ndani ya bushi inayoushika, na inseti inakata milimita chache tu kutoka kwenye mdomo wa bushi hiyo. Kinachosogea kwa urefu ni ufito. Mpango huu ulibuniwa katika miaka ya 1870 na Jakob Schweizer kwa ajili ya watengeneza saa wa Uswisi, ukastawi Moutier, mji mdogo wa milima ya Jura ambako yalikulia majina ya Tornos, Bechler na Petermann. Wajapani nao waliushika kwa bidii, hasa Citizen na Star, na siku hizi mashine hizo hutoa skrubu za mifupa kama zilivyokuwa zikitoa ekseli za saa.

Leo tunaingia kwenye vishikio na inseti. Nitasema msimamo wangu mapema: fundi aliyezoea mashine kubwa akiletwa hapa, huchagua inseti kwa kuogopa isivunjike. Huchukua iliyo nene, yenye ukingo uliofifishwa makali ili ustahimili vishindo. Kwenye chuma cha kipenyo cha milimita 80 ana haki. Kwenye ufito wa milimita 6 anajitafutia hasara, kwa sababu hapa kinachotakiwa kwanza ni makali.

Chukua ufito wa milimita 6 unaotakiwa ubaki na milimita 2.5. Kwenye mashine ya kawaida ungeupunguza kidogo kidogo kwa kurudia mara kadhaa. Hapa kurudia ni taabu: ukiurudisha ufito nyuma, sehemu iliyokwisha kukerezwa inaingia tena kwenye bushi ya milimita 6, inapwaya, na kile kilichokuwa kikiishikilia kimekwisha. Kwa hiyo mara nyingi kazi yote hufanywa kwa mkato mmoja, kina cha milimita 1.75, na uso unaobaki ndio uso wa mwisho. Inseti ile ile inapasua na kulainisha kwa wakati mmoja. Ikiwa butu, itausukuma ufito pembeni badala ya kuukata.

Ubaya huo huonekana zaidi kwenye stenlesi ya 316L, inayotumika sana kwa vifaa vya hospitali. Chuma hicho huwa kigumu zaidi kinaposuguliwa. Ukingo butu unaposugua, tabaka la juu linakomaa, na makali yanayofuata yanakutana na ganda gumu kuliko chuma chenyewe. Inseti inakwisha kabla ya wakati, na fundi analaumu chuma.

Sasa tusome maandishi ya kwenye boksi, maana yanasema karibu kila kitu. Tuchukue DCGT 11T302. D ni umbo lenye pembe ya nyuzi 55. C ingekuwa nyuzi 80, imara lakini pana, na V ni nyuzi 35, nyembamba ya kuingia kwenye mifinyo. C ya pili inaeleza mteremko wa nyuzi 7 chini ya makali, ili ubavu wa inseti usikwaruze kazi. T inaeleza tundu la skrubu na mfereji wa kuvunjia chenga. 11 na T3 ni ukubwa na unene.

Herufi ninayotaka msomaji aikazie macho ni ya tatu, G. Maana yake inseti imesagwa kwa usahihi, na kipenyo chake cha msingi hakitofautiani na kipimo kilichokusudiwa kwa zaidi ya milimita 0.025 juu au chini. Ingekuwa M, tofauti ingefika 0.05 au zaidi, na makali yake kwa kawaida yangetoka kwenye kalibu bila kusagwa. Kwenye M, ukigeuza kona mpya unaanza kupima upya. Kwenye G unaendelea na kazi baada ya marekebisho madogo. Bei yake ni kubwa, lakini muda wa mashine kusimama ni ghali zaidi.

Tarakimu mbili za mwisho, 02, ni mviringo wa ncha: nusu kipenyo cha milimita 0.2. Ukitaka kujua urefu wa mikwaruzo itakayobaki, chukua mwendo wa ufito kwa kila mzunguko, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa mara nane ya nusu kipenyo hicho. Kwa mwendo wa 0.05 na ncha ya 0.2 unapata takriban maikroni 1.6. Kwa ncha ya 0.4 unapata nusu yake, na ndiyo maana wengi hukimbilia ncha kubwa. Ila ncha kubwa husukuma kazi nyembamba kwa nguvu zaidi, na kutetemeka kukianza hesabu hiyo haina maana tena. Ni heri kubaki na ncha ya 0.2, au hata 0.1, ukapunguza mwendo.

Utando wa juu nao unategemea kasi. Kipenyo cha milimita 3 kikizunguka mara 10,000 kwa dakika, kasi ya kukata ni mita 94 tu kwa dakika. Tando nene zilizopikwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 zimetengenezwa kwa kasi kubwa zaidi, na unene wake huhitaji ukingo uliofifishwa. Kwa kazi hizi utando mwembamba uliowekwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi hufaa, kwa sababu unaacha makali yalivyo. Kwenye shaba ya manjano, inseti isiyo na utando kabisa inatosha.

Na inseti iliyochakaa isitupwe. Ni unga wa kabaidi ya tangsteni ulioshikamanishwa kwa kobalti. Tangsteni huchimbwa Nyakabingo nchini Rwanda. Kobalti, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, hutoka Kongo, kwenye migodi ya Kolwezi na jirani zake ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Jasho la watu limo ndani ya kipande hicho kidogo, na wapo wanaonunua vilivyochakaa ili vitengenezwe upya.

Kishikio kinachaguliwa kwa nafasi. Vishikio hupangwa bega kwa bega kwenye reli moja, kwa kawaida vya mraba wa milimita 10, 12 au 16, na pengo kati yao ni dogo. Kishikio cha kawaida kina skrubu ya inseti upande mmoja tu, nao mara nyingi umezibwa na kishikio jirani. Fundi analazimika kukichomoa kizima, kukirudisha na kukipima upya, tena mikono ikiwa na mafuta na ile skrubu ndogo ikitaka kudondokea kwenye sinia la chenga. Nunua vile ambavyo skrubu yake hufunguliwa kutoka pande zote mbili. Kama mashine ina pampu ya msukumo wa paa 70 au zaidi, chagua kishikio chenye mfereji wa ndani unaotoa mafuta moja kwa moja kwenye makali. Katika mkato wa kina, nyuzi ndefu za chuma zisipovunjwa hujisokota mbele ya bushi, na spindo ya pili ikija kupokea kazi inakuta kiota.

Urefu wa ncha ukilinganishwa na katikati ya ufito hauna msamaha hapa. Ncha ikiwa chini kwa milimita 0.1, kipenyo cha milimita 50 kinakosewa kwa chini ya nusu ya maikroni, jambo la kupuuza. Kosa hilo hilo kwenye kipenyo cha milimita 1 linafika maikroni 20, na ukikata uso hadi katikati unaachiwa kinundu cha milimita 0.2.

Inabaki inseti ya kutenganisha kazi na ufito. Kipande cha milimita 10 kikikatwa kwa inseti ya upana wa milimita 2 hula milimita 12 za ufito. Ufito wa mita 3 unatoa vipande 250, tukiacha kando mabaki ya mwisho. Ukitumia inseti ya milimita 1, vinakuwa 272. Kwenye titaniamu tofauti hiyo ni fedha nyingi. Lakini inseti nyembamba ichomoze kidogo iwezekanavyo, na isipewe ufito mnene. Yenye ukingo wa mshazari hukiacha kinundu kwenye ufito badala ya kwenye kazi, ila huvutwa upande na kukata kwa kupinda. Spindo ya pili ikiwa imeishika kazi barabara, tumia ukingo ulionyooka.

Sehemu ijayo: kutoboa matundu membamba na kukata hesi.