Meno ya Sheria ya Mazingira Yako Wapi?

Mswada wa mazingira ukifika bungeni, wengi hukimbilia kipengele cha adhabu: faini ni kiasi gani, kifungo miaka mingapi. Adhabu huja msitu ukishakatwa. Kinachoamua kama utakatwa ni utaratibu: nani anatoa idhini, kwa ushauri wa nani, na mwananchi anasikizwa lini.

Tuchukue misitu ya Kenya. Chini ya sheria ya zamani, waziri aliweza kubadilisha mipaka ya msitu kwa ilani ya siku 28 katika gazeti rasmi la serikali. Bunge halikuulizwa. Ndivyo mwaka 2001 takriban hekta 67,000 zilivyovuliwa hadhi ya msitu, sehemu kubwa zikiwa za Mau, chanzo cha Mto Mara. Sheria ya 2005 ilimpokonya waziri mamlaka hayo na kuyapeleka bungeni. Ile ya 2016 nayo ina kichujio: kabla wabunge hawajaamua, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) litoe mapendekezo, huku vyanzo vya maji na viumbe walio hatarini kutoweka vikizingatiwa.

Mwaka 2021 mswada wa kurekebisha sheria hiyo ulitaka KFS iondolewe katika hatua hiyo. Watetezi wake walikuwa na hoja: kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, sasa shirika limzuie kwa nini? Ni kweli, ila haki ya kuomba haiondoi haja ya ombi lenyewe kupimwa na wanaoujua msitu. Wahifadhi walipinga vikali, na mswada haukuwa sheria.

Lamu nako kuna funzo. Mwaka 2016, mamlaka ya mazingira nchini, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi wakakata rufaa, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta. Mikutano ya utangulizi ilikuwa imefanyika, lakini kabla ya ripoti ya tathmini ya athari kukamilika. Mvuvi angetoaje maoni kuhusu maji ya moto na majivu ambayo hajaelezwa? Jopo lilisema huko si kushirikisha umma.

Wawekezaji nao hulalamika kwamba vibali huchelewa, na mara nyingi wana haki. Dawa yake ni kuongeza wakaguzi na kuwawekea muda wa kujibu. Kufuta ukaguzi wenyewe ni kuhamisha gharama tu, kutoka kwa kampuni hadi kwa mkulima anayetegemea mto.

Kwa hiyo mswada ujao ukitangazwa, anza na sehemu iliyoandikwa “kifungu hiki kinafutwa”. Fungua sheria inayorekebishwa, soma kifungu hicho, kisha uliza kilikuwa kinamzuia nani.