Aliharakisha, Alilazimika, Alirudi: Vitenzi Vinavyorithiwa Ucheki

Msomaji wa kurasa za michezo anauliza: Kvitová, Plíšková, Vondroušová, Krejčíková, je, hawa wacheza tenisi wa Ucheki ni ndugu? Hapana. -ová ni kiambishi cha kike: baba akiitwa Novák, binti ni Nováková, na mke kwa desturi vilevile. Jina lenye umbo la kivumishi hubadili irabu tu, ndiyo maana bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1998 ni Jana Novotná, kutoka Novotný. Novák ni mhamiaji mpya, Kolář ni fundi magurudumu, Kučera ana nywele za kujisokota. Hayo yatosha. Utamu uko kwingine: Wacheki wana majina ya ukoo ambayo ni vitenzi vizima, vya wakati uliopita.

Pospíšil: aliharakisha. Musil: alilazimika. Navrátil: alirudi. Vyskočil: aliruka. Dostál: alitimiza ahadi. Doležal: alijilaza tu. Zdražil: alipandisha bei. Moravia, mashariki mwa nchi, ndiko yalikojaa zaidi.

Tuyaiteje? Sisi tunao akina Sijaona na Sikujua, lakini hao hupewa jina na wazazi wakingali wachanga. "Lakabu-tendo" lingemfaa yule wa kwanza aliyetaniwa na majirani, ila kitukuu wake hakutaniwa na mtu, amerithi tu. Nimeamua kuyaita ubini-tendo. Najua ndani ya "ubini" mna "bin", na bin ni mwanamume. Acha abaki humo, ana kazi.

Siri yote iko kwenye herufi l. Kicheki hujenga wakati uliopita kwa -l, na kitenzi hicho hutaja jinsia: mwanamume pospíšil, mwanamke pospíšila. Nafsi ya tatu haihitaji kitenzi kisaidizi, kwa hiyo neno moja ni sentensi kamili. Sasa fikiria mdudu aliyenaswa na sandarusi. Utomvu ulimfunika akiwa ameinua mguu, na hadi leo mguu uko juu. Ndivyo kijiji kilivyomnasa mkulima katikati ya tendo lake. Mwanzoni utomvu ulikuwa laini bado, na mwanawe angeweza kuitwa vingine. Kisha, miaka ya 1780, Josef II, mtawala wa himaya ya Habsburg, akaagiza majina ya ukoo yawe ya kudumu na ya kurithiwa. Utomvu ukawa jiwe. Mdudu akabaki na viungo vyake vyote: wakati uliopita, nafsi ya tatu, jinsia ya kiume. Binti akizaliwa, hakuna anayelipasua jiwe ili amgeuze mdudu awe pospíšila. Sonara hulizungushia pete kwa nje, -ová. Pospíšilová, basi, ni mwanamume kwa ndani na mwanamke kwa nje. Martina Navratilova amebeba "alirudi" ya kiume, kutoka kwa baba yake wa kambo aliyeitwa Navrátil.

Wako pia walionaswa katikati ya amri: Skočdopole, rukia shambani, Osolsobě, jitilie chumvi, Nejezchleba, usile mkate.

Bila shaka si kila jina linaloishia na -l ni kitenzi. Král ni mfalme. Na kisa cha mkulima wa kwanza, nani alijilaza na wapi, kwa kawaida kimepotea.

Tangu Januari 1, 2022, sheria ya Ucheki inamruhusu mwanamke yeyote kuchukua jina la ukoo bila -ová. Pete sasa ni hiari. Mdudu hana ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa kurasa za michezo, ukikutana na -lová kwenye orodha ya wachezaji, mvue -ová kwanza, kisha tafuta kitenzi. Mara nyingi utakikuta.