Muu wa Ukambani: Mti, Tunda na Jina

Katika nyanda kavu za Kitui na Makueni umo mti mdogo wa matunda ambao Wakamba huuita muu au kimuu. Wambeere huuita muburu, na Wagiriama wa pwani huuita mfudu, jina litumikalo pia katika Kiswahili. Katika botania unaitwa Vitex payos. Mreno João de Loureiro aliueleza mwaka 1790 kwa jina la Allasia payos. Mwaka 1935 Merrill aliuhamishia katika jenasi ya Vitex. Zamani uliwekwa katika familia ya Verbenaceae, bali sasa umo katika Lamiaceae, pamoja na mrehani.

Kwa kawaida mti huu hauzidi mita 10. Gome lake ni la kijivu, lenye mifereji mirefu. Majani huota mawili mawili yakielekeana, na kila jani limegawanyika katika vijani, aghalabu vitano, vilivyotandaa mithili ya vidole vya mkono. Maua ni madogo, yenye midomo miwili, na mdomo wa chini una rangi ya samawati au zambarau. Tunda bichi ni la kijani. Likiiva huwa jeusi, likikalia kikombe kilichosalia cha ua. Ndani mna nyama tamu na kokwa moja ngumu.

Jina mfudu peke yake halitoshi kuutambulisha, maana huitwa hivyo pia Vitex doniana. Tofauti yao hujulikana kwa kupapasa: vijani vya muu vina vinyweleo, hasa upande wa chini, hali vya Vitex doniana havina, nayo hupendelea mahali penye maji zaidi.

Kokwa ya muu huchelewa kuota, kwa hiyo ni wachache waupandao. Miti iliyomo mashambani aghalabu ilijiotea, na mkulima alipofyeka akaibakiza kwa ajili ya matunda. Ukikatwa mmoja kwa makaa, hakuna mche unaoungojea mahali pake. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Lakini marufuku huzuia shoka tu, haioteshi kokwa.

Basi akusanyaye majina ya mimea yampasa aandike jina pamoja na jani, ua na tunda lake, na amwulize mwenye shamba kwa nini aliubakiza.